Weka pari kwanza, formule itakuja nyuma: namna ya kufundisha sayansi hapa Goma bila labo

Bon, wenzangu walimu, tuambiane ukweli. Unaingia darasani asubuhi, watoto 60, wamebanana watatu watatu ku benchi, unaandika kichwa cha somo ku tablo, unadikte definisio, wanakopi, unauliza "mmeelewa?" wote wanaitika "ndiyooo", halafu siku ya enterogasio unauliza kitu kidogo tu chenye hakiko mu kaye na unarudishiwa makaratasi nyeupe. Mimi nilifanya ivo miaka mingi, kemia na fizike ku humanité mchana na jioni saa chache ku institi ya juu, na nilikuwa najitetea kwamba ni shida ya labo. Ni kweli labo hatuna. Pahali nilianzia kazi kulikuwa kabati moja iliandikwa LABO, funguo ilipoteaka zamani, siku tulivunja kufuli tulikuta eprouveti tatu na kiota ya panya.

Ila niliona shida kubwa iko pengine. Mtoto hana kitu chake mu somo. Ni kama kuangalia mpira wa timu mbili zenye hujui hata moja, utasinzia mbele ya mapumziko. Mpe timu, ataruka ku kiti. Basi siku hizi mbele ya kuonyesha kitu chochote ninawaambia waweke pari. Si pari ya pesa, ile wanaijua kunipita. Pari ya akili: sema nini itatokea, andika, halafu tuone. Nitaeleza vile ninafanyaka, hatua kwa hatua, na kila kitu ninataja hapa utakipata sokoni Virunga ao jikoni kwako.

Hatua ya 1: tafuta swali, usitafute kichwa cha somo

Hii njo kazi yenyewe, zingine ni rahisi. Swali nzuri iko na majibu mawili ao matatu zenye zote zinafanana na ukweli, na mtu asiyesoma anaweza kujibu. "Gaz carbonique ni nini?" ni swali mbaya, anayejua anajua, asiyejua ananyamaza. Lakini sikia hii: mtu na mbuzi wake wamepita asubuhi mu kibonde kimoja njia ya kwenda Sake, mbuzi imeanguka imekufa, mwenye mbuzi hana hata kikohozi. Juu ya nini? Hapo hata yule wa nyuma kabisa anainua kichwa, sababu kila mtu huku anajua mazuku (ile gaz carbonique yenye inatoka mu ardhi na inalala mu mabonde), iko na mjomba alipoteza kuku ao mbwa.

Mji wetu umejaa maswali ya namna hii, tunayakanyaga tu. Kwa nini maharage inakula makala mingi hapa kuliko Kinshasa? Watasema makala mbaya, watasema aina ya maharage, watasema maji. Kumbe tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa inagandamiza kidogo, maji inachemka ku digri 95 hivi na haipandi tena hata uongeze moto namna gani, unapoteza makala bure. (Ukitaka kupima hii darasani chukua termometri ya labo yenye inafika 110. Ile ya kupimia homa inaishia 42, ukiitia mu maji ya moto inapasuka.) Kwa nini chukudu, ile trotineti ya mbao ya kubebea mizigo, yenye imebeba gunia za viazi ni ngumu kuanza kusukuma, halafu ikishashika mteremko ni ngumu kusimamisha? Kwa nini jiwe ya volkano iko na matundu kama mkate? Kila moja ni somo nzima, inersi, presio, gaz mu magma.

Mimi niko na kaye ndogo ya maswali tu. Nikisikia watu wanabishana mu basi kuhusu kitu, ninaandika.

Hatua ya 2: wafunge pari

Andika majibu ku tablo, A, B, C. Halafu, na hapa wengi tunakosea, usiwaambie wainue mikono mara moja. Wakiinua, wote wataangalia kwanza premier wa klasi ameinua wapi. Kila mtu aandike herufi yake ku kipande cha karatasi, dakika moja, kimya, halafu njo mikono. Hesabu na uandike namba ku tablo pembeni ya kila herufi, kubwa, zionekane: A 31, B 9, C 18.

Na uso wako! Ukae kama mtu anacheza karata. Watoto wanasoma uso wa mwalimu kuliko kitabu, ukitabasamu kidogo tu ku B wote wanahamia B.

Kisha chagua mmoja wa kila upande ajitetee. "Eh papa, wewe wa C, njoo utuambie." Aseme kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa mchanganyiko, haidhuru. Usimsahihishe. Kama amesema upuuzi mwachie mwenzake amjibu.

Hatua ya 3: onyesha

Twende na ile ya mbuzi. Unahitaji bidon ya maji ya litri tano ukate kichwa, iwe yenye inaonyesha ndani, mishumaa mbili, kiberiti, bikarbonati ile mama zetu wanatiaka mu maharage, na glasi moja ya vinegri. Kata mishumaa upate tatu: moja ya santimetri nne, moja ya nane, moja ndefu ya kumi na tano. Zisimamishe ndani ya bidon kwa nta yao yenyewe. Mwaga chini, kuzunguka mishumaa, kijiko moja kubwa ya bikarbonati yenye imejaa. Washa zote. Mfupi njo mbuzi, wa katikati ni mtoto, mrefu ni mwenye mbuzi.

Sasa simama. Usimwage vinegri bado. Uliza: gani itazimika kwanza, ao zote pamoja, ao hakuna? Pari.

Halafu mimina vinegri polepole ku ukuta wa bidon, si katikati, ukimimina katikati povu inaruka inazima mshumaa kwa maji na watoto watakushika ku huo uongo. Utaona povu, sekunde chache, moto ya mfupi inanyooka, inakuwa ndogo, pff. Kimya. Kisha wa katikati. Mrefu inabaki inawaka. Ninakuambia, nimefanya hii mara nyingi sana na bado kila mara darasa inapiga kelele hadi prefe anatoka mu biro.

Mara ya kwanza ilinikatalia. Darasa yetu dirisha mbili hazina vio, siku hiyo upepo wa ziwa ulikuwa unapiga, mishumaa inacheza cheza, gaz inapeperushwa, hakuna iliyozimika. Wakanicheka, "Prof, mazuku yako imekufa!" Nilikuwa naanza kukusanya vyombo na hasira yangu, msichana moja wa nyuma akasema kwa sauti ndogo, basi njo maana watu wanakufaka asubuhi mapema kama hakuna upepo. Nilimwambia rudia, kwa nguvu. Ni kweli kabisa, mazuku inajikusanya mu mabonde usiku na alfajiri wakati hewa imetulia, upepo wa mchana unaitawanya. Sijui kama ningefika ku hiyo pointi peke yangu siku ile. Tukafunga dirisha na makarato, tukaanza upya.

Watoto wakishaelewa hapo ninawafanyia ubaya moja. Ninawasha tena mishumaa fupi na ndefu, ku meza, bila bikarbonati, ninasema sasa nitazifunika na bidon imepinduliwa. Gani itazimika kwanza? Darasa nzima: mfupi! Prof tumeshajua, gaz carbonique iko nzito inakaa chini! Unafunika. Na mara nyingi mrefu njo inakufa kwanza. Hapo utaona sura. Sababu: gaz yenye inatoka ku moto iko ya moto sana, na ya moto inapanda, inajaza juu kwanza. Mu mazuku gaz inatoka mu ardhi ikiwa baridi, njo maana inalala chini. Wale wenye walikuwa wamemeza tu "iko nzito" wanalazimika kufikiri tena. Ku L1, mwaka wa kwanza wa iniversite, ninapenda kuanzia hapo hapo, juu wao wanajiona wamemaliza hii kemia ya watoto.

Neno moja la usalama na sifanyi mchezo nalo. Ukimaliza, watakuambia "Prof tuende na mshumaa ku mazuku ya kweli jumapili". Hapana. Kataza mbele waulize. Ile gaz ikiwa nyingi unapumua mara chache tu unaanguka, na unaangukia pale pale chini kwenye iko nyingi zaidi, na anayekuja kukuinua anainama naye anabaki. Na tena usibadilishe vinegri na asidi ya batri juu eti iko na nguvu, na chupa ya Javel ikae mbali kabisa na meza, Javel ikikutana na asidi inatoa klorini.

Hatua ya 4: waache wabishane, wewe funga mdomo

Hii ni ya darasa kubwa hasa, ku iniversite, auditwari ya watu 300 na mikro yenye haishikaki. Kuna profesa wa fizike, Eric Mazur, ku Harvard kule Marekani, alianza namna hii 1991: unatoa swali, kila mtu anapiga kura, halafu unasema geukieni jirani mwenye jibu tofauti mumshawishi, dakika mbili tatu, halafu kura ya pili. Kama kura ya kwanza waliopata wako chini ya asilimia 30, wacha, rudi eleza. Kama wamepita 70, endelea na somo usipoteze wakati. Katikati ya hizo njo pahali mabishano inazaa kitu, juu mwanafunzi aliyeelewa jana anajua mwenzake anakwama wapi kuliko weye uliyeelewa miaka 20 iliyopita.

Mashine za kura hatuna, na hatuhitaji. Vidole mbele ya kifua: kimoja A, viwili B, vitatu C. Mbele ya kifua, si hewani, jirani asione. Kutoka mbele unaona msitu wa vidole na unajua mara moja hali iko namna gani.

Kuna mtu atasema hii ni kupoteza wakati. Mu 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya utafiti 225 wa masomo ya sayansi na hesabu ku iniversite, wakalinganisha kozi za kusikiliza tu na kozi zenye wanafunzi wanafanya kitu. Kwenye kusikiliza tu waliofeli walikuwa karibu 34 kwa mia, upande mwingine karibu 22. Mu promosio ya watu 300 tofauti hiyo ni watu 36, ambao wazazi wao wameshalipa.

Hatua ya 5: sasa leta jina na formule

Definisio inakuja hapa, si mwanzo. Watoto wameshaona kitu, wanatafuta jina yake, unawapa. Ku tablo ninaandika kwa Kifaransa juu ekzameni ya Leta iko kwa Kifaransa, ninaeleza kwa Kiswahili, na ninachunga neno moja moja. Mfano "nzito". Mtoto anasema gaz carbonique iko nzito. Nzito kuliko nini? Kilo moja ya gaz na kilo moja ya hewa ziko sawa! Mpaka aseme mwenyewe "kwa ujazo ule ule". Hapo njo unaandika: mole moja ya CO₂ ni gramu 44, ya hewa ni karibu 29, gawanya, moja na nusu. Sasa neno densité iko na mwili.

Ziwa, kwa wakubwa

Kama uko na wanafunzi wa iniversite ao wa sita, usiache Ziwa Kivu. Chini mule, mu maji ya kina (ziwa iko na karibu mita 480), kumeyeyuka kama kilometa kubiki 300 za gaz carbonique na kama 60 za metani. Swali: kama iko nyingi hivyo, kwa nini haipandi ikatuua usiku moja? Leta chupa mbili za sukre (soda), moja imefungwa, moja ufungue mbele yao. Yenye imefungwa hakuna hata povu. Presio. Ku mita 400 maji inagandamiza mara 40 ya hewa ya juu, gaz inabaki imefungiwa kama mu chupa. Halafu ongea nao juu ya ziwa Nyos kule Kameruni, 21 Agosti 1986, gaz ilitoka kwa ghafla ikaua watu zaidi ya 1,700 usiku moja. Wataogopa, ni vizuri waogope kidogo kisha wafikiri: metani ile ile wenzetu ngambo ya ziwa, ku Karongi kule Rwanda, wanaivuta na bomba tangu 2016 wanatoa megawati 26 za umeme. Wanafunzi wa kemia wachore hiyo bomba, gaz inatoka mu maji ku hatua gani na kwa nini. Hapo nimepataka mabishano ya saa mbili.

Programu haitaisha?

Najua, inspekta anakuja anaangalia kaye ya matayarisho. Mimi ninafanya pari moja kwa wiki kwa kila darasa, dakika 15 ao 20, haipiti. Wakati nimeupata pengine: sidikte tena. Shefu wa klasi ananakili noti mbele, wengine wanapiga foto ao wanakopi ku mapumziko. Na enterogasio ninaweka angalau swali moja lenye hatukuliona lakini linatumia wazo lile lile. Nyuma ya mazuku niliuliza: mama anachoma makala ndani ya nyumba imefungwa, ninyi mnalala chini, kaka amelala ku kitanda ya juu, nani ako mu hatari zaidi? (Wote, sababu gaz ya moshi wa makala, ile CO (monoksidi ya kaboni, si gaz carbonique), uzito wake ni karibu sawa na hewa na inachanganyika mu chumba nzima. Walioandika "wa chini" walikuwa wengi, tukarudi.)

Siku ya umeme na simu ziko na chaji tumia simulasio za PhET, za iniversite ya Colorado, ni bure, kuna za Kifaransa, na unaweza kuzishusha ukazifungua bila intaneti. Lakini pari iko pale pale, mbele ya kubonyeza.

Kama hujawahi, anza na pendule

Usianze na mazuku, itakukatalia kama ilivyonikatalia. Anza na kamba, msumari, kufuli na jiwe ya lava yenye matundu, nyepesi, sawa na kufuli kwa ukubwa. Swali la kwanza: kwa urefu moja, kufuli na jiwe, gani inaenda na kurudi mbio zaidi? Karibu wote wataweka pari ku kufuli. Pima kwa simu, kwenda na kurudi mara kumi. Kamba ya mita moja inatoa sekunde 20, kufuli 20, jiwe 20. Watasema umekosea kuhesabu, basi wape wahesabu wao.

Swali la pili ni tamu zaidi: tukikata kamba iwe nusu, santimetri 50, itakuwa sekunde ngapi? Wote: kumi! Pima: 14. Sasa njo utafute nao ni urefu gani inatoa kumi, waache wajaribu, 40, 30, watafika 25 peke yao, na yule wa hesabu ataona kitu kuhusu rasini kare mbele hujaiandika. Wakubwa wachukue urefu na wakati watafute g, wakipata 9.7 ao 9.9 wamefanya kazi nzuri.

Wakipata namba iko mbali na hizo, usiseme wamekosa, nenda angalia vile wamepima kamba. Inapimwa kutoka ku msumari hadi katikati ya jiwe, si hadi kwenye fundo.